Namba za Chini ya Boneti

Spokane, Washington
9 Januari 1994

Bwana Orrin Vesely,

Hunijui, nami sikujui. Mwezi wa kumi mwaka jana ulinunua trekta dogo la bustani kwa kaka yangu, Reino Niskala, nje kidogo ya Hancock, Michigan. Ni la aina ya Tamarack, kijani kilichopauka, lina koleo la theluji mbele. Reino anasema ulikuja na trela, ukatoa dola sabini na tano bila kubishana, ukanywa kahawa vikombe vitatu, ukaondoka. Anwani yako nimeitoa kwenye risiti.

Trekta hilo lilikuwa la baba yetu, Urho Niskala. Usiwe na wasiwasi, sitaki kulinunua. Nataka unisomee kitu. Kila baba alipobadilisha oili alifungua boneti na kuandika upande wa ndani kwa krayoni nyeupe ya seremala. Alifanya hivyo kwenye kila mashine aliyowahi kuwa nayo, tangu nikiwa mtoto. Aliweka tarehe, kisha neno moja au mawili juu ya mambo ya nyumbani: ng'ombe kazaa, mvua, mama mgonjwa. Hakuwa na daftari. Daftari lake lilikuwa boneti.

Tamarack alilinunua mwaka nilioondoka nyumbani, 1977. Niliolewa na mtu aliyekwisha kuachana na mke wake, na kwa kanisa letu hilo halikuwa jambo la kusamehewa. Baba hakufoka. Alichukua kofia akaenda zake bandani. Tangu siku hiyo hatujasemezana, na sasa unaingia mwaka wa kumi na saba.

Hivi sasa yuko kwenye nyumba ya wazee, Hancock. Alichimba shaba, na mapafu yake yamekwisha. Reino kila wiki ananiambia nije. Nije kufanya nini? Anigeuzie uso ukutani mbele ya manesi? Naogopa, bwana, nasema wazi. Lakini kama aliandika chochote kunihusu, hata laana, nitajua naingia wapi. Kama hakuandika kitu, hilo nalo ni jibu, na nitabaki huku.

Usinipigie simu. Kwenye simu mtu hujibu kabla hajatazama. Nenda ukatazame kwanza, kisha uniandikie.

Helvi Pruett (binti Niskala)


Antigo, Wisconsin
17 Januari 1994

Bibi Pruett,

Barua yako nimeipata, na pole sana kwa habari za mzee. Trekta lake nalikumbuka vizuri, maana vile vikombe vitatu vya kahawa alivyokutajia kaka yako viliambatana na vipande vinne vya nisu, ule mkate wenu mtamu, ambavyo hakuvitaja. Muungwana huyo. Na baba yako alilitunza trekta, mama. Nimeona matrekta ya watu wenye mali yakiwa na viota vya panya kwenye stata, lakini la mzee Niskala lilikuwa na plagi mpya na mkanda usio na ufa hata mmoja.

Lipo, halijambo. Shida ni mahali lilipo. Mimi ni mtu wa kuokota matrekta madogo ya zamani, yale ambayo watu huyatangaza gazetini "lilikuwa linawaka lilipoegeshwa", na ukifika unakuta mti umeota katikati ya usukani. Ninayo thelathini na nane. Yamejaa kwenye ghala langu la viazi, na la baba yako liko nyuma kabisa, lina mengine kumi na moja mbele yake, na theluji imeziba mlango. Kulifikia ni lazima niyatoe yote.

Nipe wiki mbili tatu. Boneti nitaisoma, nakuahidi.

Wako,
Orrin Vesely


Antigo
18 Januari 1994

Shemeji Gerrit,

Nimeharibu. Wewe ni kaka wa marehemu mke wangu na ndiye mtu pekee anayejua kunitukana ipasavyo, kwa hiyo kaa chini usome.

Unalikumbuka lile Tamarack nililolitoa Hancock? Lilikuwa la mzee ambaye bado yu hai. Sasa binti yake ananiandikia kutoka Spokane, anataka nimsomee maneno ambayo baba yake aliyaandika chini ya boneti. Kwa maneno hayo ataamua aende kumwona mzee kabla hajafa au asiende. Boneti yenyewe, shemeji, niliipiga mchanga mwezi wa kumi na moja. Nimeirushia mchanga kwa mashine ya upepo mpaka bati likang'aa kama sufuria ya bibi harusi, nikapaka rangi mara tatu. Unanijua, trekta likiingia kwangu halilali na kutu yake siku mbili.

Nakuapia sikuona maneno ya mtu yeyote. Nilifuta grisi kwa kitambaa nikaziona zile namba za kiwandani tu, zile nilizokusimulia Ijumaa ile tulipokula samaki: HET 577, HET 1077, HET 578, HET 1078, safu mbili ndefu, na katikati yake HT 783, moja tu. Hizo nilizinakili zote kwenye daftari langu. Maneno ya mzee yatakuwa yalikuwa chini zaidi, kwenye grisi, nami nikayapuliza yote nje pamoja na kutu.

Nimemjibu kwamba trekta liko nyuma ya mengine na theluji imeziba mlango. Liko hapa mbele yangu, karibu na jiko la kuni, nimeweka kikombe changu cha kahawa juu yake. Nimwambie nini yule mama?

Juu ya HET usicheke. Nimekwisha kuwaandikia wale wa jarida letu la wakusanya matrekta. Naamini boneti hiyo ilikuwa kama ubao wa mkaguzi pale kiwandani, akiandika toleo maalumu kila linapotoka. Kiwanda kiliungua na orodha zake, kwa hiyo hakuna mtu mwingine duniani mwenye ushahidi huo ila mimi.

Jumamosi nakwenda Rhinelander kuangalia matrekta mengine mawili, Bolens. Siwezi kukaa.

Orrin


Oostburg, Wisconsin
25 Januari 1994

Shemeji,

Kukutukana nitakutukana, ila kwanza jibu la haraka: mwambie kweli. Chukua kalamu leo, andika "Mama, nimeifuta, nisamehe", bandika stempu. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe mwenyewe miguu yako mirefu. Atakasirika, atalia, kisha atapanda gari akamwone baba yake au asiende, lakini ataamua mwenyewe. Sasa hivi anakungoja wewe na theluji yako ya uongo.

Sasa matusi. Huyo mkaguzi wako wa kiwandani, hakuwa na karatasi? Kiwanda kizima kinachotengeneza matrekta kinaandika hesabu zake kwa krayoni chini ya boneti, halafu kinaiuza boneti? Na nimeitazama ile orodha uliyonipa. Kila namba inaanza na 5 au na 10. Haipo hata moja inayoanza na 3, wala 8. Ni ile moja tu ya HT ndiyo inaanza na 7. Kiwanda gani kinahesabu kwa kurukaruka hivyo kama sungura? Waambie wa jarida wakurudishie barua kabla hawajaichapa, watu wasije wakatucheka ukoo mzima.

Na hizo Bolens ziache. Tangu Joanne atutoke umenunua matrekta kumi na tisa. Watu wanadhani unakusanya. Mimi naona unaikimbia nyumba, bwana. Njoo Oostburg ukae siku mbili, mke wangu Carol atakupikia.

Gerrit


Spokane
2 Februari 1994

Bwana Vesely,

Wiki mbili zimepita. Najua ulisema mbili tatu, lakini Reino amepiga simu jana. Daktari anasema baba hatauona mwezi wa nne. Asubuhi bado wanamkalisha kwenye kiti dirishani, anatazama maegesho ya magari, haongei na mtu. Mume wangu amenitolea sanduku la nguo, ameliweka kitandani wazi. Kila nikiingia chumbani naliona, naweka blauzi mbili, naondoa moja. Silali, wala kazini sifanyi la maana.

Nikueleze jambo moja ili ujue pa kutazama, maana pengine maandishi ni mengi na yamefifia. Mama yangu alifariki Juni 1983. Niliambiwa ameshazikwa. Julai niliendesha gari siku tatu, nikaenda makaburini, kisha nikaenda nyumbani. Nilisimama barabarani, kwenye sanduku la barua. Baba alikuwa anakata nyasi kwa trekta hilo hilo. Alikuja nalo mpaka mwisho wa uwanja, hatua ishirini kutoka niliposimama, akageuza, akarudi. Alifanya hivyo kila mstari. Hakuinua kofia wala mkono. Nilisimama pale mpaka akamaliza uwanja wote, akaliingiza trekta bandani, akafunga mlango. Nilikuwa nangoja aniite. Angeinua kidole tu ningeingia. Nikawasha gari nikarudi Spokane.

Sijui hata kama aliniona. Macho yake hayakuwa mabaya. Mimi nasema aliniona, mume wangu anasema hakuniona, na tumebishana hilo miaka kumi.

Kwa hiyo tafuta 1983. Kama kuna neno lolote la mwaka huo, niandikie hilo peke yake, mengine yangoje. Na kama ni kazi kubwa kuyatoa hayo matrekta, nitakutumia pesa ya kumlipa mtu akusaidie.

Helvi Pruett


Antigo
8 Februari 1994

Bibi Pruett,

Pesa weka, mama. Nimelifikia trekta. Nimefungua boneti mchana kwenye mwanga mzuri, nimesoma kila kitu kwa miwani na kioo cha kukuzia.

Maandishi ni mengi na mengine yamefifia kama ulivyosema. Lakini yanayosomeka nimekunakilia neno kwa neno, kwa Kiingereza chake kizuri kilichonyooka, kama alivyoandika mwenyewe:

Oktoba 1977: "Nimebadilisha oili. Namkumbuka sana binti yangu."

Mei 1980: "Oili mpya. Laiti Helvi angekuwa hapa."

Julai 1983: "Leo nimemwona Helvi wangu barabarani. Machozi yalinitoka nikashindwa kumwita. Nampenda."

Ndiyo hayo. Nadhani umepata jibu lako. Funga hilo sanduku la nguo uende kwa baba yako, na Mungu akutangulie. Usikawie.

Orrin Vesely


Spokane
14 Februari 1994

Bwana Vesely,

Baba yangu hajaandika Kiingereza siku hata moja maishani mwake. Alichimba shaba miaka thelathini na moja, na Kiingereza alichojifunza alikiacha huko huko chini. Risiti aliandika Kifini, hata mbwa alimfokea kwa Kifini. Barua zilizotoka serikalini alimpa mama amsomee.

Na "nampenda". Baba yangu hakuandika neno hilo hata kwenye jiwe la kaburi la mama. Machozi! Ungemjua ungeona aibu.

Nilikuwa nimepakia kila kitu. Barua yako ilifika saa nne asubuhi, mume wangu alikuwa anajaza mafuta kwenye gari. Niliisoma nimesimama mlangoni na koti mwilini. Kisha nikarudi chumbani nikatoa nguo zote sandukuni, moja moja, nikazirudisha kabatini.

Nimempigia Reino, nimemwuliza alikulipa kiasi gani uniandikie upuuzi huo. Anaapa hajui kitu. Simwamini. Mmekaa mkanywa kahawa, mkapatana namna ya kumrudisha dada mkaidi. Kumbe chini ya boneti hakuna kitu, ndiyo maana mlilazimika kutunga. Basi nimelipata jibu. Siendi.

Usiniandikie tena.

H. Pruett


Antigo
18 Februari 1994

Bibi Pruett,

Umesema nisiandike, naandika. Barua hii naituma kwa posta ya haraka. Ukitaka kuichana, ichane ukishafika mwisho.

Reino hahusiki. Sijaongea naye tangu siku niliyochukua trekta. Uongo ni wangu peke yangu, wa kwanza mpaka wa mwisho. Trekta halikuwa nyuma ya kitu chochote, na theluji haikuziba mlango. Boneti ya baba yako niliipiga mchanga na kuipaka rangi mwezi wa kumi na moja, kabla barua yako haijafika. Ulipouliza niliona haya. Nilijiambia, baba gani asiyemkumbuka mwanawe? Nikakuandikia yale ambayo mimi ningeyaandika. Mimi na Joanne hatukujaliwa mtoto, mama, kwa hiyo hata hayo niliyaokota hewani.

Sasa sikiliza kitu kimoja, na hiki si cha kutunga. Kabla sijaipiga mchanga niliona herufi na namba chini ya boneti, nikazinakili. Watu wa kazi yangu hunakili kila namba, ya injini, ya kabureta, hata ya kwenye nati. Nilidhani ni alama za kiwandani. Nilijivuna nazo mpaka nikaliandikia jarida habari zake, nikasema nimevumbua toleo la matrekta lisilojulikana. Nilikuwa natafuta maneno ya baba yako, na namba hizi zilikuwa mezani pangu muda wote, nikazipita. Shemeji yangu ndiye aliyeniuliza kwa nini zote zinaanza na 5 au na 10, nikampuuza.

Jana barua yako ilinitoa nyumbani. Nilikwenda mkahawani kula mayai nikakaa naitazama kalenda ya ukutani, ya kampuni ya mbegu, nikageuza kurasa zake kama mtu asiye na kazi. Mwezi wa tano. Mwezi wa kumi. Bibi Pruett, mtu wa huku hubadilisha oili ya trekta dogo lini? Kabla ya nyasi na kabla ya theluji, Mei na Oktoba. Mimi mwenyewe hufanya hivyo, miaka arobaini. 577 si namba ya toleo. Ni Mei 1977. 1077 ni Oktoba yake. Mayai niliyaacha mezani.

Karatasi niliyoiambatanisha ni yenyewe, nimeichana kwenye daftari, ina alama za grisi ya trekta lake. Inaanza 577 inaishia 593, miaka yote, hakuruka hata msimu mmoja. Kila mstari una herufi zile zile tatu, HET. Maana yake siijui na sitajaribu kuikisia, nimekoma kukisia. Mstari mmoja tu haufanani na wenzake, nao hauna E: HT 783. Huo ni mwezi wa saba. Hakuna mtu anayebadilisha oili mwezi wa saba.

Kama herufi hizo ni za Kifini wewe utazijua. Kama si kitu, nimekupotezea tena siku, na sitakuwa na uso wa kukuomba radhi.

Orrin Vesely


Hancock, Michigan
6 Machi 1994

Bwana Vesely,

Nimo chumbani kwa baba. Amelala, nesi amenipa karatasi.

Sikuichana barua yako, ingawa nilikuwa nimeikunja kuitupa. Ile karatasi ya grisi ndiyo iliyoanguka kwanza. Niliitazama nimesimama jikoni, na mume wangu anasema nilikaa chini sakafuni, mimi sikumbuki.

HET ni Kifini. Helvi ei tullut. Maana yake Helvi hakuja. Baba alibana maneno namna hiyo sikuzote, krayoni ilikuwa haba na boneti ndogo. Kila Mei na kila Oktoba alimwaga oili chakavu, akatia mpya, akaandika kwamba sikuja. Nimehesabu, ni mara thelathini na tatu.

HT ni Helvi tuli. Helvi alikuja. Siku ile ya Julai hakubadilisha oili, umesema kweli. Aliliingiza trekta bandani akafunga mlango, ule mlango ambao miaka kumi nimeamini alinifungia mimi, na huko ndani akafungua boneti akaandika kwamba nimekuja. Kisha Oktoba akaanza tena, HET.

Tuliondoka siku hiyo hiyo. Montana ilikuwa na barafu tupu, tukalala njiani siku nne badala ya mbili.

Nikwambie na lililo lako. Zile wiki ulizonizungusha na theluji yako, baba alikuwa bado anakaa dirishani na alikuwa bado anakula. Nilipofika nimemkuta kitandani, ana mpira wa hewa puani, kijiko cha tatu kinamshinda. Sikwambii nikuchome. Namba ni wewe uliyezinakili, na bila wewe zingekwenda na mchanga, nalo hilo nalijua. Lakini siku zile zimekwenda na sitazipata, na nataka ujue kwamba zilikuwepo. Trekta kaa nalo, lipake rangi upendayo.

Siku ya kwanza alinitazama tu. Hakugeukia ukutani. Alinitazama kama mtu anayesoma kitu chenye mwandiko mbaya, kisha akafumba macho, na Reino akaniambia nisijali, ndivyo alivyo siku hizi. Siku ya pili niliketi karibu nikamsomea karatasi yako kutoka juu, mstari kwa mstari, kwa sauti. Kifini changu kimechakaa, lakini kusoma herufi tatu hakuhitaji Kifini kingi. Nilipofika Julai 1983 akafumbua macho.

Nikamwuliza, uliniona? Akasema aliniona tangu naegesha gari. Alilijua gauni langu la zamani. Anasema alikata nyasi polepole kuliko siku zote, na mistari ya mwisho aliirudia, ilikuwa imeshakatwa.

Nikamwuliza mbona basi hukuniita. Nilikasirika, bwana Vesely, sitakuficha, nilimkasirikia mgonjwa. Nikamwambia nilisimama juani kwa saa mbili nangoja aniite, kwamba angeinua kidole tu ningeingia, kwamba nimeishi miaka kumi nikijua baba yangu alinipita kama nguzo ya uzio. Reino akanishika bega. Nesi akaingia na kahawa, akatuona, akaiweka akatoka.

Baba alingoja mlango ufungwe. Pumzi haimtoshi, anasema neno anapumzika. Alisema, "Sikujua mtoto hupiga hodi kwao."

Helvi